Lango Lilimjua Bertrand

Jumamosi, tarehe 29 Novemba 2025. Mvua iliyonyesha usiku kucha ilikatika kabla ya kupambazuka, ikaacha matope mekundu njiani na ukungu uliojaa bondeni, hata mtu aliyesimama mtaani Kibagabaga, Kigali, hakuweza kuona kilima cha upande wa pili. Baridi ilikuwa ya kuvaa sweta. Akimana alikuwa uani akianika mashuka ambayo alijua hayatakauka mapema, na kwa kila shuka alilotandaza kambani alilitaja jina la Yesu kimoyomoyo, maana alikuwa amelala vibaya na hakujua kwa nini.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo kila mtaa hutoka kufanya kazi ya pamoja. Asubuhi kama hiyo maduka yamefungwa, magari yametulia, na kila unayepishana naye njiani ana jembe begani au panga mkononi. Hakuna anayeuliza panga hilo linakwenda wapi. Linakwenda kufyeka.

Kaka yake, Gratien, alitoka ndani amevaa buti za mvua. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini na kitu, muuza vipuri vya magari kule Gatsata, na alipenda kila kilicho na betri ndani yake. Mkewe, Daphrose, alimfuata hadi barazani na mwiko mkononi.

"Baba Sangwa, jembe hilo unakwenda kulilimia au unalitembeza tu?"

"Wewe pika uji. Nikirudi nikakosa uji, ndipo utajua nani alilima."

"Mwezi uliopita walikuona umekaa chini ya mti unawaonyesha watu simu."

"Nilikuwa nawaelimisha," alisema Gratien, akaliendea lango.

Lango lilikuwa fahari yake. Juu yake palikuwa na kamera mbili nyeusi kama macho ya kunguru, na sauti ya mwanamke iliyozungumza Kiswahili cha redioni. Gratien na ndugu zake walizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na ingawa waliishi Kigali tangu vijana, nyumbani kwao Kiswahili hakikuwahi kuondoka. Ndiyo maana alimwambia fundi aichague sauti hiyo. Lango lilipomtambua mtu wa nyumbani lilifunguka lenyewe na kumkaribisha kwa jina. Lilipokutana na mgeni lilimpiga picha, likaituma kwenye simu ya Gratien, na mgeni akizidi kusimama lilipiga king'ora.

"Safari njema, Gratien," lilisema sasa.

"Ahsante, mama," alijibu Gratien, kama alivyofanya kila siku, akatoka.

Haikupita dakika, lango likaanza kugomba. "Mtu asiyejulikana. Tafadhali ondoka mbele ya lango."

Akimana alicheka bila kutazama. Alijua ni Béatha, mama muuza maparachichi, ambaye kwa umri wake alisamehewa kazi ya umuganda na aliitumia asubuhi hiyo tulivu kuwapelekea wateja mizigo majumbani. Kila siku alisimama hapo kidogo kuiweka sawa ngata yake kichwani, na kila siku lango lilimfukuza.

"Na wewe hujulikani," ilisikika sauti ya Béatha kutoka nje. "Nani alikuzaa? Mimi niko na watoto saba."

Mtaa mzima ulikuwa umezoea. Lango lile lilikuwa limempigia king'ora padri aliyekuja kubariki nyumba amevaa koti la mvua. Lilikuwa limewapigia king'ora kunguru. Ilifika mahali king'ora kikilia, majirani walifunga madirisha na kuongeza sauti ya redio.

Akimana mwenyewe lilimkataa jioni ile ya mwezi wa kumi alipokimbia kutoka kwa mumewe kule Kagarama. Alifika na kiatu kimoja, jicho moja limefumba kwa uvimbe, mdomo umepasuka. Alisimama pale akitetemeka huku sauti ile nzuri ikimwambia aondoke, mpaka Daphrose alipotoka, akamtazama, akasema taratibu, "Jamani, huyu si ni Akimana?"

Fundi wa mashine, kijana mtanashati aliyeitwa Hirwa, aliyekulia Kampala, alipopigiwa simu hakuona tatizo. "Mashine ilimjifunza siku ya harusi yake, akiwa amepambwa," alisema. "Mtu akivimba, vipimo vya uso vinabadilika. Akipona nitampiga picha ingine."

Lakini uso wa mumewe, Bertrand, haukuwa umebadilika. Ulikuwa ndani ya mashine tangu siku ile ile ya harusi, pamoja na nyuso za wakwe wote, katika kundi lililoitwa watu wa nyumbani. Akimana alimwomba kaka yake amtoe humo. Gratien alikubali, kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa heshima, akaenda kwanza kumuuliza Rutayisire, mdogo wa marehemu baba yao, aliyekaa nyumba chache chini ya kilima.

Mzee alikataa. Mke aliyekimbilia kwao hajaachika, alisema. Anangojewa mumewe aje na wazee wake na pombe, wakae, waseme, mume aulizwe alichofanya na akiri, ndipo mke arudi naye au asirudi. Hivyo ndivyo ilivyofanywa tangu zamani. "Sasa huyo kijana aje na wazee wake, halafu chuma kimfukuze langoni kama mwizi? Watasema sisi ndio tuliovunja ndoa. Mwacheni. Lango limwone kama mkwe mpaka tukae."

Gratien alileta jibu hilo nyumbani akiwa hamtazami dada yake usoni.

"Na akija peke yake, kaka?"

"Atakujaje peke yake? Umewahi kuona mwanamume anakuja kumchukua mkewe bila wazee?"

Jambo la pili lilitokea kwenye umuganda wa mwezi uliopita. Asubuhi nzima kila aliyepita na panga alipigiwa king'ora na kuambiwa, "Silaha imeonekana," mpaka mkuu wa mtaa, bwana Rwema, akaja mwenyewe na matope magotini. "Gratien, mashine yako imetuita majambazi wote, mimi na mke wangu na katibu wangu. Aliyeitengeneza hajawahi kulima?" Watu walicheka. Gratien aliona aibu, akamwita Hirwa, na Hirwa akaibonyeza mashine kidogo: siku ya umuganda, asubuhi, panga lisihesabiwe silaha.

Basi lango liliambiwa mambo hayo mawili. Kila moja lilikuwa na sababu nzuri, na walioamua walikuwa watu wema. Hakuna aliyekaa akayaweka yote mawili pamoja.

Akimana alikuwa ameshika shuka la mwisho alipolisikia.

"Karibu nyumbani, Bertrand."

Lango liliteleza upande. Kwanza aliona buti zenye matope, kisha suruali ya kazi, kisha panga lililoning'inia mkononi kama linavyoning'inia mkononi mwa mtu yeyote siku hiyo. Bertrand alikuwa amenyoa ndevu vizuri, kama anayekwenda misani. Akimana alitazama nyuma yake, akiwatafuta wazee, akiutafuta mtungi wa pombe. Nyuma yake palikuwa na ukungu tu, na lango lililokuwa likijifunga.

"Nimekuja kumchukua mke wangu," alisema Bertrand. Hakuwa amelewa. Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi.

"Wazee wako wako wapi?"

Aliinua panga kidogo. "Huyu hapa mzee wangu. Muulize unachotaka."

Katika nchi hii panga halihitaji kuelezwa. Akimana alimrushia lile shuka bichi usoni akakimbilia nyumbani. Mlango wa mbele nao ulikuwa na jicho lake. "Karibu, Akimana," ulisema kwa utaratibu wake wote, kama vile dunia ina muda, na alipoingia aliusukuma kwa bega mpaka komeo za chuma zikalia. Aliegemea mbao akipumua. Amefunga. Mungu ahsante, amefunga.

Kisha alisikia upande wa pili wa mlango, karibu na sikio lake, sauti ile ile. "Karibu, Bertrand." Na komeo zikarudi nyuma zenyewe.

Mlango ulimpiga ukamtupa chini. Pigo la kwanza lilikuwa la ubapa wa panga mgongoni, likamtoa pumzi yote. La pili lilikuwa la ngumi, juu ya jicho lile lile la mwezi wa kumi. Alimshika nywele akamburuta kuelekea kochi, naye Akimana akirusha mateke bila kuona, na meza ndogo ya chai ikapinduka pamoja na vikombe.

"Nilikuambia nini? Nilikuambia ukienda kwenu nitakufuata. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Bertrand, mwanangu."

Daphrose alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko bado mkononi, uji ukichuruzika sakafuni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi lakini sauti yake ilikuwa ya kila siku. "Weka hicho chini. Kaa. Uji uko tayari, nitakumiminia."

"Mama Sangwa, toka. Sina ugomvi na wewe."

"Najua. Kwa hiyo kaa."

Alikuja taratibu, akipiga hatua za mtu anayeingia kwenye chumba cha mgonjwa, mpaka akawa katikati yao. Midomo yake ilikuwa ikisali Salamu Maria. Bertrand alimsukuma. Akarudi. Akamsukuma tena, akarudi tena, na safari hii akamshika mkono. Ndipo panga lilipopanda. Daphrose aliinua mkono wa kushoto kujikinga kichwa, na panga likashuka juu ya mkono huo, chini kidogo ya kiwiko.

Haikutoka sauti kubwa. Damu ndiyo iliyotoka, ikaruka ukutani hadi kwenye picha ya Moyo Mtakatifu. Daphrose aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, akakaa chini polepole.

Akimana ndiye aliyepiga kelele, kelele ambayo hakuwahi kuipiga katika miaka yote ya Kagarama, kwa maana kule alijifunza kupigwa kimya ili majirani wasisikie.

Nje ya lango, Béatha aliisikia. Hakuwa amefika mbali. Alirudi mbio, kikapu kikamwanguka, akalisukuma lango kwa mikono miwili, lilipokataa akaokota jiwe akaanza kuligonga. "Fungueni! Iko mtu anauawa humu! Fungueni!"

Macho mawili meusi yalimwinamia. "Mtu asiyejulikana. Jaribio la kuvunja lango. Nyumba inafungwa."

King'ora kikalia. Na ndani, kwa mpigo mmoja, mlango wa mbele, mlango wa nyuma na mlango wa baraza ya juu yote ilijikomea. Hirwa alikuwa ameeleza jambo hili kwa furaha siku alipolifunga: mwizi akivamia, nyumba inakuwa sanduku, hakuna anayeingia wala kutoka ila kwa uso wa mtu wa nyumbani. Madirishani zilikuwepo nondo tangu zamani. Kwa hiyo mashine ilimkinga Bertrand dhidi ya bibi mwenye jiwe. Jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akifua, alifunga dirisha.

Chini bondeni watu wa mtaa walikuwa wakizibua mtaro. Gratien alisimulia baadaye, kwa shida, kwamba simu ilitikisika mfukoni akaona picha ya Béatha na yale maneno aliyoyazoea. Wenzake walimtania. "Mke wako mdogo anakupigia, lile lango." "Mwambie uko kazini." Alicheka akairudisha simu mfukoni. Ikatikisika tena, akaiacha. Ya tatu aliitazama ili tu aizime. Ilikuwa picha ya Béatha tena, mdomo wazi, jiwe mkononi, na maneno, "Kiwango cha hatari: juu." Lakini Gratien hakuyasoma maneno. Aliona pembeni mwa picha kikapu kilichopinduka na maparachichi yamezagaa kwenye matope.

"Huyu mama hajawahi kuangusha kikapu," alisema.

"Labda ameteleza," alisema Rwema.

"Akiteleza huanguka yeye, kikapu kinabaki juu."

Akapandisha kidole kuangalia mambo ya kabla ya hapo. Palikuwa na mstari mmoja wenye alama ya kijani: Bertrand. Mtu wa nyumbani. Hali ni salama. Rwema alisema hakuwahi kumwona mtu mnene akikimbia namna ile, akipanda kilima na jembe mkononi, bila kuita mtu. Watu walitazamana, kisha wakamfuata.

Ndani ya nyumba Akimana alikuwa amefika jikoni. Hakukumbuka alivyofika. Bertrand alikuwa amempiga usoni kwa mpini wa panga, mara ngapi Mungu ndiye ajuaye, na meno mawili yalikuwa yakicheza mdomoni. Alichokumbuka ni mlango wa nyuma, wa chuma, uliopakwa rangi ya kijani, na jicho dogo la kioo juu yake. Alisimama mbele yake.

"Uso haujulikani. Tafadhali jaribu tena."

Alijipangusa damu kwa mkono wa sweta. Akanyoosha shingo, akatulia, akajaribu hata kuufungua ule mdomo uliovimba kama mtu anayetabasamu siku ya harusi.

"Uso haujulikani. Tafadhali jaribu tena."

"Ni mimi," aliuambia mlango. "Ni mimi Akimana."

Nyuma yake Bertrand alicheka. Alikuwa ameegemea kizingiti, anahema, panga limelegea. "Umeona? Hata nyumba ya kaka yako imekukana. Mimi imenikaribisha mara mbili. Mara mbili, Akimana. Sasa niambie nani ni mtu wa hapa."

Akasogea. Kati yao, juu ya jiko la gesi, sufuria kubwa ya uji wa mtama ilikuwa bado ikitokota, ule uji aliohifadhiwa Gratien. Akimana hakufikiri. Aliishika masikio yote mawili bila kitambaa, na ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye sufuria, akammwagia usoni.

Mayowe ya Bertrand yalikizidi king'ora. Uji haukumwagika ukaisha kama maji, ulimganda. Alirusha panga huku na huku bila kuona, likavunja kabati, likagonga ukuta, likampata Akimana begani likafungua nyama hadi mfupa. Naye akampiga kwa sufuria tupu, kwenye sikio, kwenye vidole, mpaka panga likaanguka, akalisukuma kwa mguu chini ya jiko. Lakini mikono ya Bertrand ilimpata shingoni. Walianguka pamoja. Alikuwa mzito, uso umeiva mwekundu kama nyama, jicho moja halifunguki, na vidole vyake vilijua kazi yao. Akimana alimng'ata kidole gumba mpaka akasikia mfupa. Vidole havikulegea. Taa ya jikoni ilianza kuwa ndogo. Alisema ndani ya nafsi yake, Bwana, sasa, si kesho.

Ndipo alipomwona Daphrose. Alikuwa amejikokota sakafuni kutoka sebuleni, akiacha njia nyekundu nyuma yake, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika mchi wa kinu, ule wa kutwangia isombe, majani ya muhogo. Hakuweza kusimama. Alipiga kutoka pale pale alipokaa, kama mtu anayetwanga, mara moja kwenye kiuno cha Bertrand, na mara ya pili kwenye goti, na goti likalia. Vidole vikaachia shingo.

"Karibu nyumbani, Gratien," lilisema lango huko nje. King'ora kikanyamaza.

Watu waliingia kama mafuriko, na majembe, na mapanga, na matope ya mtaroni. Waliona sakafu. Wanawake wawili walipiga magoti kwa Daphrose, na Béatha, aliyekuwa ameingia mbele ya wote, alivua kitenge chake akafunga mkono ule juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Wanaume walimkamata Bertrand, wakamburuta hadi uani, wakamtupa kwenye matope chini ya kamba ya mashuka. Wengine walimpiga mateke. Mtu mmoja alimtemea mate.

Gratien alifika hadi jikoni. Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake aliyetoka akishikilia ukuta, kisha akatoka uani akaliinua jembe lake juu ya kichwa cha Bertrand, kwa mikono miwili, kama anavyoinua mtu anayetaka kufika chini kabisa ya ardhi. Watu walisogea kumpa nafasi. Hakuna aliyemshika.

"Kaka, usimuue."

"Rudi ndani, Akimana."

"Ukimuua watasema walipigana walevi mmoja akafa. Halafu wewe utafungwa, na yeye atazikwa kwa maua, na mimi nitavaa nguo za mjane wake." Alikuwa akizungumza kwa shida, maneno yakitoka pamoja na damu. "Mwache. Nataka aishi asikie."

Jembe lilikaa juu muda mrefu. Hatimaye Gratien aliligeuza, likaanguka kwenye matope kando ya sikio la Bertrand, naye akakaa chini pale pale akajifunika uso.

Rwema alisema polisi wameshapigiwa, na gari lake linakuja kumpeleka Daphrose hospitali, iko hapo karibu, hatutachelewa kwa jina la Mungu. Ndipo mzee Rutayisire akapita mbele. Alikuwa amefika wa mwisho, akitembea kwa fimbo, na kofia yake ilikuwa imelowa ukungu. Alimtazama mkwe aliyelala chini, akawatazama watu waliojaa ua, na mtu angeona jinsi aibu ilivyomkaba.

"Wanangu, tulieni," alisema. "Yaliyotokea ni makubwa, sikatai. Lakini ni ya ndani. Afungwe kamba, tuwaite wazee wake leo hii hii, tukae nao. Tusianze kupeleka mambo ya ukoo kwa..."

"Baba mdogo," alisema Akimana.

Mzee alimgeukia. Hakuwa amezoea kukatizwa na mwanamke.

Wakati huo watu wanne walikuwa wakimtoa Daphrose kwenye blanketi kuelekea gari. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alipopitishwa karibu aliinua kidole kimoja, wakasimama. "Sema, dada," alinong'ona. "Usimnong'oneze mtu. Sema wasikie."

Walimpitisha. Lango lilifunguka, likajifunga. Akimana alisogea mpaka katikati ya ua, bega likidondosha damu kwenye mashuka aliyoyaanika yeye mwenyewe asubuhi, viganja vyake vimeungua, uso ambao mashine ilikuwa imeukataa ukiwa wazi mbele ya mtaa wote. Béatha alisimama kando yake bila kitenge, na sketi ya ndani tu, akamshika kiuno asianguke. Bertrand alikuwa ameinua kichwa, akimtazama kwa jicho lililobaki.

"Mnanifahamu," Akimana aliwaambia watu. "Mara nyingi nilipokuja huku kusalimia mliniona nimevimba mkaniuliza, nami nikawajibu nilianguka bafuni. Na ninyi mkasema pole."

Wengine walitazama chini.

"Basi leo nasema mbele ya Mungu, na mbele yako Baba mdogo, na mbele yenu nyote mlioshika majembe. Sirudi Kagarama, hata waje na pombe ya kuujaza ua huu. Na siku ya mahakama nitasimama na uso huu, nitamtaja Bertrand kwa jina lake, nitasema kila pigo kuanzia la kwanza, na sitasema tena kwamba nilianguka. Nimeahidi."